Jinsi ya kutafuta nyota mgeni na majivu yake ukiwa Malindi

Wachina wa kale waliiita nyota mgeni. Mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, leo pana nyota. Inawaka wiki, miezi, kisha inafifia na kwenda zake. Sisi twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni aliyefika Julai 1054 alikaa mpaka Aprili 1056 na hakuna aliyethubutu kumwonyesha shamba. Siku hizi jina lake ni supanova. Ni nyota kubwa iliyoishiwa na moto wa ndani ikajiporomokea na kulipuka, au ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyozeeka, kilichozidiwa na maada kutoka kwa mwenzake kikalipuka chote. Kinachobaki ni gesi inayotawanyika kwa maelfu ya miaka. Hayo ndiyo nitakayoyaita majivu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Malindi na jirani zake, Mambrui, Ngomeni, Mayungu, Watamu. Si kwamba kwingine hakuna anga. Ni kwamba sisi tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na hilo latupa kitu ambacho Ulaya hawana: hakuna hata moja ya supanova zilizoandikwa katika historia ambayo mahali pake hapachomozi kwetu. Ile ya kaskazini kabisa, ya 1181, tunaiona nyuzi 19 hivi juu ya upeo. Ile ya kusini kabisa, ya 1987, nyuzi 24. Mizani imekaribia kulingana. Aliyeko Denmark hataiona ya kusini maisha yake yote mpaka apande ndege.

Hatua ya kwanza: usiku wenyewe

Usitazame kalenda ya ukutani, tazama mwezi mwandamo. Usiku mzuri ni wa giza, kuanzia tarehe 25 ya mwezi wa Kiislamu hadi tarehe 3 ya unaofuata. Mara yangu ya kwanza nilitoka tarehe 14 kwa sababu ilikuwa Jumamosi na nilikuwa na nafasi. Mbalamwezi iliwaka hata ungeweza kusoma gazeti, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba vitabu vinadanganya.

Giza la mwezi lina jambo lake pwani: ni wakati wa bamvua. Maji hujaa sana, na ufuo mwingine humezwa wote. Bahati ni kwamba siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, kwa hiyo ikifika saa tatu au nne usiku yamekupwa na mchanga uko wazi. Ukipanga kukesha, sogeza mkeka juu kabla ya saa nane.

Msimu nao ni muhimu. Kaskazi inapovuma, Januari na Februari, anga huwa kavu na safi kuliko wakati wowote. Masika ya Aprili na Mei usijisumbue. Kusi huleta mawingu yanayopita upesi, basi unangoja tundu, unaangalia, unangoja tena.

Hatua ya pili: ufuo gani

Hapa wengi hukosea. Wanaenda mahali pazuri, hawaendi mahali penye giza. Mji wa Malindi unatupa mwanga angani, na taa za hoteli za ufuoni ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinamulika bahari moja kwa moja. Kanuni yangu ni kuuacha mji mgongoni. Ukitafuta nyota za kaskazini, vuka Sabaki uende Mambrui au zaidi, mji ubaki nyuma yako kusini. Ukitafuta za kusini, nenda Mayungu. Watamu itaonekana mbele kidogo, lakini mwanga wake si mkali sana.

Nendeni zaidi ya mmoja na mwage salamu kwa wavuvi. Mzee mmoja alitukuta tumelala chali mchangani. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akauliza, "Mwatafuta nini usiku wote huu?" Tukamwambia twatafuta Suheli. Akacheka, akanyoosha mkono bila hata kuangalia juu. Suheli kwa manahodha ni nyota na ni upande pia: ni kusini.

Hatua ya tatu: vifaa, na ngumi yako

Kifaa cha kwanza ni mkono. Nyoosha mkono wote mbele, kunja ngumi: upana wake angani ni kama nyuzi 10. Vidole vitatu vya kati ni 5, kidole gumba 2, na kidole cha mwisho 1. Mabaharia wa Bahari Hindi walipima urefu wa nyota kwa vidole karne nyingi kabla yetu, kwa hiyo usione haya.

Pata darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 10×50 au 7×50. Darubini kubwa si lazima, ila kwa jambo moja nitakalolitaja. Simu weka programu ya Stellarium na uibadilishe iwe rangi nyekundu ya usiku. Tochi ifunge karatasi nyekundu ya peremende. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kumulikwa mara moja na simu ya rafiki kunakurudisha mwanzo.

Na chumvi! Upepo wa bahari hupaka vioo ukungu wa chumvi. Usifute kwa kikoi. Nilifanya hivyo, mchanga ukachora kioo cha kushoto mistari ambayo ipo mpaka leo. Puliza kwanza, kisha lowesha kitambaa laini maji baridi, ndipo ufute taratibu.

Hatua ya nne: anza mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku

Nimechagua usiku huu kwa sababu una jambo ambalo sijawahi kulichoka. Mahali pa supanova ya 1054 na mahali pa ile ya 1987 hufika kwenye mstari wa katikati ya anga kwa wakati mmoja, karibu dakika ileile. Moja uso wa kaskazini, nyingine uso wa kusini. Unatazama ya kwanza, unageuka, unatazama ya pili. Kati ya nuru ya moja na nuru ya nyingine kufika hapa kuna miaka 933.

Lala chali, miguu kaskazini. Upande wa kushoto, juu, tafuta Kilimia, kile kichane cha nyota ambacho wakulima wetu hukiambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kutoka Kilimia pandisha macho kidogo kuelekea kulia hadi nyota nyekundu, Dabarani, jicho la Ng'ombe. Kutoka Dabarani enda kulia ngumi moja na nusu utakuta nyota ya wastani peke yake. Hiyo ni ncha ya pembe moja ya Ng'ombe. Wachina waliiita Tianguan, na ndiyo waliyoitumia kuelezea alipokaa mgeni wao, kwa hiyo ukiiona umeshika alama ileile waliyoishika wao. Sasa shuka kushoto upana wa kidole cha mwisho. Hapo.

Kwa macho hutaona kitu. Asubuhi ya Julai 4, 1054, ungeona nuru kama ya Zuhura, na kwa siku 23 ungeiona hata mchana. Leo pana majivu yake, Nebula ya Kaa, umbali wa miaka ya nuru kama 6,500. Darubini ya macho mawili usiku safi sana huonyesha uchafu mdogo wa kijivu, na wengine hawauoni. Hapa ndipo darubini ya kusimama, yenye kioo cha milimita 100, inapofaa. Hata hivyo usitegemee picha za rangi za mtandaoni. Utaona moshi. Mwingereza John Bevis aliuona mwaka 1731, Charles Messier akaufanya nambari 1 ya orodha yake, na haikuwa mpaka 1928 Edwin Hubble alipopiga hesabu ya jinsi moshi huo unavyopanuka na kuurudisha nyuma hadi kwa mgeni wa Wachina. Mwaka 1968 ikagunduliwa ndani yake nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha ile nyota iliyolipuka, inayojizungusha mara 30 kila sekunde. Mji mzima wa Malindi una upana unaokaribia wa hiyo nyota, lakini uzito wa nyota hiyo unazidi wa Jua.

Sasa geuka, miguu kusini. Nyota kali iliyo juu, kama ngumi nne kutoka upeoni, ni Suheli yenyewe. Shuka karibu ngumi mbili, ukienda kulia kidogo. Kama ufuo una giza la kutosha utaona kipande cha wingu kisichosogea na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani ya yetu. Weka darubini: ndani ya wingu kuna doa lenye mwanga mkali kuliko pengine pote, linaitwa Nebula ya Tarantula. Ukingoni mwa doa hilo, usiku wa Februari 23 kuamkia 24, 1987, Ian Shelton akiwa kituo cha Las Campanas nchini Chile aliona kwenye picha yake nyota ambayo haikuwapo. Akatoka nje, akaiona kwa macho. Umbali wake ni miaka ya nuru 168,000 hivi, na bado kufikia Mei ilikuwa inaonekana bila darubini kama nyota ya kawaida. Saa chache kabla ya nuru kufika, mitambo ya chini ya ardhi ilinasa chembe za nyutrino kutoka kwenye kiini kilichoporomoka. Ule wa Kamiokande nchini Japani ulinasa 11. Chembe 11 kutoka galaksi nyingine, na zilitosha kuthibitisha kwamba nadharia ya kuporomoka ilikuwa sawa.

Kando kidogo: kuhusu Ngomeni

Kabla hujaondoka Februari, tazama mashariki na kaskazini kuelekea ghuba ya Ngwana. Nguzo za chuma za San Marco bado zimesimama majini mbele ya Ngomeni, na vijana wengi wa hapa wanadhani zilikuwa za mafuta. Desemba 12, 1970, siku ya Uhuru, miaka saba kamili tangu bendera kupandishwa, Waitaliano na Wamarekani walirusha kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei peke yake. Wakaiita Uhuru, neno letu, na ndilo jina lake katika vitabu vya falaki vya dunia nzima.

Naileta hapa kwa sababu ni sehemu ya mwongozo. Majivu ya supanova yana joto la mamilioni ya nyuzi, na kitu chenye joto hilo hung'aa zaidi kwa eksirei kuliko kwa nuru tunayoiona. Eksirei za angani hazipenyi hewa yetu. Lazima uzifuate juu. Na kwa nini Malindi? Karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inaondoka na kasi hiyo kama zawadi. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Nebula ya Kaa imo. Majivu ya 1572 yamo. Novemba 1972 ikafuata kutoka nguzo zilezile setilaiti ya SAS-2, iliyopima miale ya gama ikitoka kwenye ile nyota ya nyutroni ya Kaa. Kwa hiyo unapolala Mambrui ukitafuta moshi wa 1054 na huuoni, jua kwamba jicho lililouona vizuri lilipaa kilomita chache kutoka mkekani pako.

Hatua ya tano: mwisho wa Juni, mgeni mkubwa kuliko wote

Nenda Mayungu, saa tatu usiku, tazama kusini. Nyota mbili kali zilizokaribiana zinaelekeza Msalaba wa Kusini ulio kulia kwake. Ya kushoto, iliyo kali zaidi, ni Rijili Kantori. Shuka chini yake upana wa kidole gumba: hapo ndipo panapohusishwa na nyota mgeni ya Desemba 185, ya kale kuliko zote zilizoandikwa kwa uhakika. Wachina waliiona kwa miezi isiyopungua 8. Hakuna cha kuona, songa mbele.

Kutoka Rijili Kantori panda juu karibu ngumi mbili, ukivuta kushoto kidogo. Utakuta nyota mbili za wastani, moja juu ya nyingine, kati yao upana wa kidole kimoja. Kushoto tu kwa ile ya juu, ndani ya upana wa kidole hichohicho, ilisimama nyota kali kuliko yoyote ambayo binadamu ameiandika.

Ilikuwa mwisho wa Aprili 1006. Huko Misri kijana aliyekuwa akianza masomo, Ali ibn Ridwan, baadaye tabibu mkubwa wa Cairo, aliiona ikiwa katika buruji ya Akrabu, daraja ya 15. Aliandika kwamba ilikuwa na ukubwa wa mara mbili na nusu hadi tatu wa Zuhura, na nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Akaandika pia kila sayari ilikuwa wapi siku hiyo. Watawa wa St. Gallen, Uswisi, nao waliiona, lakini kwao ilichungulia tu juu ya milima ya kusini. Kwetu ingepanda nyuzi 55 hivi, zaidi ya nusu ya anga. Shanga, kisiwani Pate, tayari palikuwa na mji na msikiti. Watu walitoka swala ya isha na kitu hicho kikiwa juu yao, kama masika haikuwafunika.

Siwezi kuacha kisa hiki. Ibn Ridwan alikuwa na hasimu, tabibu Ibn Butlan wa Baghdad, aliyefika Cairo karibu mwaka 1049. Walijibizana kwa maandishi makali mpaka leo yanasomwa. Na huyo Ibn Butlan ndiye aliyetuachia kumbukumbu ya nyota ya 1054 kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Aliiweka katika buruji ya Jauza, mwaka 446 Hijria. Mahasimu wawili, kila mmoja na supanova yake.

Ukiwa na kompyuta, fungua Stellarium, weka mahali Malindi, tarehe Aprili 30, 1006, na uwashe kipengele cha supanova za kihistoria. Utaiona ikichomoza kutoka baharini.

Hatua ya sita: Agosti

Hii ni fupi. Mwanzo wa Agosti, saa tatu, tazama juu kusini utafute moyo mwekundu wa Nge. Enda mashariki ngumi moja na nusu, juu ya mkia. Hapo Oktoba 1604 Mirihi, Mushtarii na Zohali zilikuwa zimekutana karibu, na watu wengi walikuwa wakizitazama, ndiyo maana nyota mpya haikuwaponyoka. Mawingu ya Prague yalimchelewesha mwanafalaki Johannes Kepler mpaka Oktoba 17, lakini aliifuata mwaka mzima na jina likawa lake. Tangu hapo hakuna supanova ya galaksi yetu iliyoonekana kwa macho.

Hatua ya saba: katikati ya Novemba, kaskazini

Rudi Mambrui, omba vuli ikupe nafasi. Saa tatu, chini upande wa kaskazini, kuna nyota tano zenye umbo la herufi M iliyoinama: Kasiopeia. Kutoka nyota ya kushoto kabisa shuka vidole vitatu. Jioni ya Novemba 11, 1572, Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, aliona nyota hapo, hakuamini macho yake, akawauliza watumishi kama nao wanaiona. Iling'aa kama Zuhura, ikadumu hadi Machi 1574. Tycho aliipima usiku baada ya usiku na haikusogea hata kidogo, kwa hiyo ilikuwa mbali kuliko mwezi, mahali ambapo wanazuoni wa Ulaya walishikilia kwamba hakubadiliki kitu.

Kasiopeia hiyohiyo ilipokea mgeni mwingine Agosti 1181, kwa siku 185. Majivu yake hayakujulikana mpaka hivi karibuni. Yanadhaniwa ni wingu lililogunduliwa mwaka 2013 na Dana Patchick, mtu asiyelipwa kwa kazi hiyo, akipekua picha za setilaiti. Na vidole vitatu hadi vinne kushoto kwa herufi M kuna Cassiopeia A, ambayo nuru yake ilipita hapa karne ya 17 karibu bila kuonekana na yeyote. Kwa macho pako weusi mtupu. Kwa mawimbi ya redio ni sauti kali kuliko zote nje ya mfumo wa Jua.

Hatua ya mwisho: andika

Nunua daftari la mistari, la shule. Kila usiku andika tarehe, saa, ufuo, hali ya upepo na mawingu, na ulichoona hata kama ni hakuna. Siku ukikuta nyota ambayo haimo kwenye Stellarium, kwanza subiri dakika kumi: ndege hupepesa taa, setilaiti husogea. Ikibaki palepale, hakikisha si sayari. Kisha fanya alivyofanya Ibn Ridwan. Pima kwa vidole iko umbali gani kutoka nyota mbili unazozijua, linganisha nuru yake na Zuhura au Suheli, andika sayari gani ziko wapi, na umwamshe jirani athibitishe kabla mawingu hayajafika.